Risasi Inaingia Chemba kwa Ubishi: Kusaka Ugumu kwenye Bunduki Mpya ya Bolti

Bunduki imetoka kwenye boksi juzi, bado inanuka mafuta ya kiwandani. Unaweka risasi, unasukuma bolti, inakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu mkono wa bolti unagoma kushuka. Unakaza kidogo, unashuka. Risasi ya pili ni vilevile. Ya tatu inaingia bila neno. Hapo ndipo wenzako wanapogawanyika. Mmoja anasema bunduki ni mbovu, mwingine anasema risasi ni mbovu, na wa tatu, ambaye ndiye wa kuogopwa kuliko wote, anasema: "Ipige tu kwa kiganja, itazoea."

Usiipige kwa kiganja. Ugumu wa bolti una mahali pake, na mahali hapo ndipo panapokuambia chanzo. Bolti inayogoma ikiwa bado inakwenda mbele ina ugonjwa tofauti na ile inayogoma mkono unaposhuka, na ile inayogoma hata chemba ikiwa tupu haina kesi na risasi kabisa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana kwetu neno "risasi" linabeba kila kitu. Bolti ni kile chuma chenye mkono unachokisukuma kuifunga chemba, chemba ni tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na kasha ni kisanduku cha bunduki kinachobeba risasi zinazosubiri. Hapa risasi ni ile nzima unayoinunua kwenye boksi. Ganda ni ile shaba inayobaki baada ya kufyatua, nayo ina kitako, kiwiliwili, bega na shingo. Kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwa mnyama au kwenye shabaha. Fataki ni kile kidude cha katikati ya kitako kinachopigwa na pini. Na hedispesi ni nafasi kati ya uso wa bolti iliyofungwa na pale ganda linapogota mbele. Kwa aina za risasi kama .308 na .30-06 ganda hugota begani. Kwa .375 H&H, ile ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa nyati wanaijua kama wanavyojua jina la baba, hugota kwenye mkanda ulio juu kidogo ya kitako.

Jambo jingine la mwanzo: majaribio haya hayafanyiki sebuleni na risasi hai. Ukiweza, toa pini ya kupigia kwenye bolti kabla ya kuanza, au tumia risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki hai. Kama huwezi kuitoa pini, nenda uwanja wa shabaha, mtutu uelekee kwenye tuta, na kidole kikae mbali na kifyatulio.

Bolti ni ngumu hata chemba ikiwa tupu

Anza hapa kila mara, hata kama una hakika kosa ni la risasi. Toa kila kitu, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole, kisha funga na ufungue bolti mara kumi polepole.

Kama bado inagoma, swali la kwanza ni aina ya bunduki. Mauser 98 na ndugu zake wengi hukoki, yaani hukaza springi ya pini, wakati wa kufungua, kwa hiyo kufunga kwake ni kwepesi. Lee-Enfield hukoki wakati wa kufunga, na mtu aliyezoea ya kwanza akiishika ya pili atahisi springi inamkataa mwishoni mwa safari. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa.

Swali la pili ni nani aliigusa bunduki baada ya kiwanda, na jibu mara nyingi ni aliyefunga darubini. Niliwahi kuletewa .30-06 mpya ambayo mwenyewe alikuwa ameshaitukana kwa lugha tatu. Bolti ilikuwa ngumu na risasi na bila risasi. Nilipolegeza skrubu za kikalio cha mbele cha darubini, bolti ikashuka yenyewe. Skrubu moja ilikuwa ndefu kuliko tundu lake, ikatokeza ndani na kulikwaruza sikio la bolti, kile kinundu kinachoifunga bolti mahali pake, kila ilipozunguka. Ilikuwa inazidi kama milimita moja. Duka lililoifunga silitaji, lakini nadhani walichanganya skrubu za mbele na za nyuma, kosa rahisi kabisa kwa sababu kwenye bunduki nyingi hazilingani urefu. Dalili yake ni mkwaruzo mpya unaong'aa juu ya sikio la bolti. Skrubu za chini zinazokaza chuma kwenye mti wa bunduki nazo hufanya uhuni huohuo, hasa ya mbele: zilegeze nusu mzunguko, jaribu tena, uone.

Kikombe cha nyuma cha darubini kubwa nacho huweza kuuzuia mkono wa bolti. Hicho utakiona bila kuambiwa.

Kama skrubu hazina hatia, basi ni ukavu au uchafu. Bunduki mpya husafiri na grisi nzito ya kuzuia kutu, na grisi hiyo hujaa kwenye vishimo ambamo masikio ya bolti hujifungia. Humo pia hukaa vipande vidogo vya chuma vya kiwandani. Safisha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, kausha, kisha paka grisi kiasi cha punje ya mchele nyuma ya kila sikio. Ndani ya chemba yenyewe usiache mafuta. Ganda linatakiwa kung'ang'ania kuta za chemba wakati wa mlipuko. Chemba yenye mafuta huliacha ganda liteleze, na msukumo wote unaiangukia bolti.

Inagoma ikiwa inakwenda mbele

Hapa mkono wa bolti bado uko juu. Risasi imetoka kwenye kasha, imeinua pua, halafu inagonga kitu.

Tazama pua ya kichwa. Ikiwa imechubuka upande mmoja au ncha laini ya risasi za kuwindia imebonyea, inagonga ukingo wa mlango wa chemba. Chanzo ni midomo ya kasha iliyopinda, springi iliyowekwa kinyume, au kasha lisilokaa sawasawa. Kwa bunduki mpya yenye kasha la kuchomoa, lichomoe na ulirudishe mpaka lilie. Ukijaza mpaka juu, jaribu kupunguza risasi moja, kwa sababu springi mpya hubana sana na risasi ya juu hukwama chini ya bolti.

Kuna ugumu mwingine wa hatua hii ambao si ubovu wa bunduki bali ni wa mazoea yetu. Bunduki za mtindo wa Mauser 98, na zile za Kicheki kama ZKK 602 na CZ 550 ambazo zimezunguka sana porini Afrika, zina ndoano ndefu ya kuvutia ganda ubavuni mwa bolti. Risasi ikipanda kutoka kwenye kasha, kitako chake huteleza kutoka chini na kuingia nyuma ya ndoano kabla haijafika chembani. Sasa mtu anaidondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba na kusukuma bolti. Ndoano inalazimika kuuruka ukingo wa kitako, kazi ambayo haikuumbiwa. Inagoma, mtu anakaza, siku moja ndoano inakatika. Baadhi ya watengenezaji huchonga ncha ya ndoano kwa mshazari ili iweze kuruka, lakini usibahatishe. Ibonyeze risasi kwenye kasha kwanza, kisha isukume kwa bolti.

Bunduki za kundi la pili, kama Remington 700 iliyotoka mwaka 1962, zina ndoano ndogo ndani ya uso wa bolti na kijipini chenye springi cha kurushia ganda nje. Kijipini hicho hukisukuma kitako cha risasi muda wote unapofunga. Utahisi kama unabonyeza mto mdogo, ugumu laini, ulio sawa kwa kila risasi. Acha hivyo.

Mkono unagoma kushuka

Hapa ndipo penye maneno. Bolti imefika mbele, masikio yameanza kuingia kwenye vishimo vyake, mkono umeshuka robo au nusu, halafu inakaza.

Nitaanza na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa uwanjani ungekwisha kama watu wangeijua. Vipimo vya risasi na chemba za Marekani hupangwa na chombo kiitwacho SAAMI, kilichoanzishwa mwaka 1926. Ulaya wana CIP, yenye makao yake Ubelgiji. Kwa .308 Winchester, SAAMI inaruhusu chemba iwe na hedispesi kuanzia inchi 1.630, yaani milimita 41.40. Lakini ganda linaruhusiwa kufika inchi 1.634, ambayo ni milimita 41.50. Soma tena. Risasi halali ya kiwandani inaweza kuizidi chemba halali ya kiwandani kwa milimita 0.1. Hakuna aliyekosea; kiwanda cha bunduki kimefuata kipimo, na cha risasi kimefuata kipimo. Zikikutana chemba fupi kuliko zote na ganda refu kuliko yote, bolti inalibonyeza bega la shaba kidogo ili lienee, na mkono wako unalihisi hilo.

Ndiyo maana boksi moja huingia bila neno na boksi lingine hubisha ndani ya bunduki ileile. Ganda fupi linaloruhusiwa ni inchi 1.627, kwa hiyo hata ndani ya kipimo kuna tofauti ya kuhisiwa. Na ndiyo maana bunduki zinazosifiwa kwa usahihi, ambazo mtengenezaji amezibana chemba makusudi, hulalamikiwa zaidi kuliko zile za bei nafuu zenye chemba pana.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua risasi tano za kila chapa, kwa chapa tatu tofauti. Chapa moja ikibisha na mbili zikiingia, umepata jibu: nunua hizo mbili, na angalia namba ya toleo kwenye boksi. Zote zikibisha kwa usawa, shaka inahamia kwenye bunduki.

Kujua hasa inapogusa, paka risasi moja wino wa maka peni, kuanzia kichwa mpaka kitako, acha ukauke, iingize chembani kwa bolti isiyo na pini, kisha itoe. (Wazee wa kazi za chuma hutumia masizi ya mshumaa kwa kazi kama hii. Kwenye chuma kitupu, sawa. Karibu na risasi hai, mshumaa ubaki kabatini.) Wino uliofutika ndio ramani yako.

Ukifutika kama pete begani, ni hedispesi, ile hesabu ya juu. Ukifutika kiwiliwilini karibu na kitako, ganda ni nene au chemba ni nyembamba, ama kuna uchafu umeganda ukutani. Kichwa kikiwa na mistari mifupi iliyopangana kwa umbali sawa, kinagusa mwanzo wa misokoto ya mtutu, ile mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa. Ukifutika kwenye mdomo wa shingo tu, ganda limekuwa refu mno, na hilo nitalirudia kwa sababu lina hatari yake. Ukifutika katikati ya kitako, kwenye fataki, basi fataki haikuzama vizuri. Pitisha kidole: fataki inatakiwa kuwa chini kidogo ya uso wa kitako. Ikiwa imetokeza, hiyo risasi haifai kulazimishwa kabisa, maana unakuwa unaibana fataki hai kwa uso wa bolti.

Kwa .375 H&H tazama mkanda. Chembe ya mchanga mbele ya mkanda inatosha kuukataza mkono usishuke. Na wale wanaobeba risasi kwenye mikanda ya ngozi kwa miezi, hasa ukanda wa pwani wenye unyevu, wazitoe waziangalie. Ngozi huichubua shaba na kuiotesha kutu ya kijani, ngumu kama ukoko wa sufuria. Kutu hiyo hunenepesha ganda na kubaki chembani. Ikiwa ni doa jepesi, kitambaa kikavu kinatosha. Ikiwa imekula shaba hadi kuacha vishimo, hiyo risasi imekwisha kazi. Zihifadhi kwenye boksi, ngozi iwe ya kutembelea tu.

Kama chapa zote zinabisha, chemba ni safi, na wino unafutika begani kila mara, omba fundi mwenye kibali aipime kwa geji, yaani kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo kamili. Geji ya kwanza, ambayo kwa .308 ni milimita 41.40, bolti inapaswa kuifunga kwa nguvu ya vidole viwili, ndoano na pini vikiwa vimetolewa ili visidanganye. Isipofunga, chemba ni fupi kuliko kipimo, na bunduki inarudi ilikonunuliwa. Geji ya pili, milimita 41.50, bolti haipaswi kuifunga. Ikiifunga, una tatizo la upande mwingine, nalo haliji na ugumu wowote, na ndiyo maana ni baya zaidi.

Usisugue chemba kwa msasa. Usiyachonge masikio ya bolti. Nimeona bolti iliyosuguliwa na mwenyewe mpaka ikawa laini ajabu, na geji ya pili ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Ugumu wa kuudhi ulikuwa umegeuzwa bunduki isiyofaa kufyatuliwa mpaka fundi aikague.

Sasa, je, ugumu mdogo wa begani uvumiliwe? Kwa shabaha ya karatasi, mimi naufumbia macho kama ni wa vidole na si wa kiganja. Kwa kuwinda, hapana. Tanzania .375 ndicho kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari, na mtu anayebeba bunduki hiyo ameibeba kwa sababu huenda akahitaji risasi ya pili haraka. Waongoza uwindaji wenye busara huipitisha kila risasi ya safari ndani ya chemba mapema, moja baada ya nyingine, mtutu ukiwa upande salama, na ile inayobisha inatengwa kwa ajili ya mazoezi.

Risasi zilizojazwa upya

Huku kwetu wengi tunanunua za kiwandani. Lakini Waswahili walioko Marekani wanaowinda paa wa huko msimu wa vuli hujifunza haraka kujaza wenyewe, na asilimia kubwa ya malalamiko yao ya bolti ngumu yanatoka mezani kwao, si kwenye bunduki.

Ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki nyingine limechukua umbo la chemba ya huko. Lisiporudishwa umbo lote, bega halitaingia kwenye chemba yako mpya iliyobana. Kirekebishe kifaa chako cha kurudishia umbo mpaka bega lirudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 kutoka lilipokuwa baada ya kufyatuliwa kwenye bunduki yako. Zaidi ya hapo unalichosha ganda bure. Wenye risasi za mkanda wana la ziada: ganda huvimba mbele tu ya mkanda, na vifaa vya kawaida havifiki hapo.

Kosa jingine ni kubana mdomo wa ganda kwa nguvu wakati wa kukiingiza kichwa. Shingo inasukumwa chini, bega linavimba kwa kiasi ambacho jicho halioni, na risasi inagoma. Kama ganda tupu lililorudishwa umbo linaingia vizuri na lilelile likishawekwa kichwa linagoma, umemkamata mwizi.

Urefu wa ganda ndio ule niliosema una hatari yake. Ganda hurefuka kila linapofyatuliwa na kurudishwa umbo. Kwa .308 mwisho ni inchi 2.015, yaani milimita 51.18, na hukatwa kurudi 2.005. Likizidi, mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kubanwa kwenye kichwa. Kichwa kinashindwa kuachia kwa wakati, na shinikizo linapanda. Ukiwahi kusukuma bolti ngumu ukafyatua, halafu bolti ikagoma pia kufunguka, acha papo hapo. Ugumu wa kufungua baada ya mlio ni dalili ya shinikizo, na risasi zilizobaki za kundi hilo hazifyatuliwi.

Labda si risasi ya bunduki hii

Soma maandishi ya kitako cha ganda, si ya boksi tu. Boksi hubadilishwa, ganda halibadiliki. Soma pia maandishi ya mtutuni. Risasi ya .308 kwenye chemba ya 7mm-08 itagoma kwa sababu shingo ni nene, na ugumu huo umemwokoa mwenye bunduki. Ajali inayojulikana sana ni ya .300 Blackout ndani ya chemba ya .223: ganda zinafanana kitako, na kwa baadhi ya vichwa bolti hushuka ukilazimisha. Kichwa cha inchi 0.308 kinasukumwa kwenye mtutu wa 0.224. Bunduki hupasuka.

Ikikwama nusu njia

Mtutu ubaki ulikoelekea. Vuta mkono wa bolti juu na nyuma kwa nguvu ya kawaida, bila nyundo, bila kukanyaga kwa kiatu. Ikikataa, bunduki inakwenda kwa fundi ikiwa vilevile, naye aambiwe wazi kwamba chemba ina risasi hai.

Ikitoka ganda tu na kichwa kikabaki kwenye misokoto, baruti itamwagika ndani. Usitie risasi nyingine kukisukuma. Toa bolti, geuza bunduki baruti idondoke, kisha fundi akisukume kichwa kwa fimbo kutoka mdomoni mwa mtutu kurudi nyuma. Punje za baruti hupenda kujificha kwenye vishimo vya masikio ya bolti, nyuma kabisa ya mlango wa chemba, kwa hiyo pitisha kitambaa humo kabla ya kufunga tena. Punje moja tu ikibaki, mkono utagoma kushuka chemba ikiwa tupu, na utarudi mwanzo kabisa kulegeza skrubu za darubini zisizo na kosa.